Kufuli Mbili za Modemu Moja

Mwaka 1994 barua pepe zote za chuo chetu, Dar es Salaam, zilipita kwenye modemu moja. Usiku mashine ya 386 yenye Linux ilipiga simu Ulaya kwa Taylor UUCP, programu ya Ian Lance Taylor. Mchana modemu ileile ilipokea simu za wenzetu wa mikoani, na bawabu wake alikuwa mgetty ya Gert Doering. Programu zote mbili ziligawiwa bure. Sisi tulizipata kwenye disketi, zimeshakompailiwa na mtu tusiyemjua.

Zenyewe hazikuwa na namna ya kusemezana. Kila iliyotaka modemu iliandika kwanza kifaili kidogo, LCK.. likifuatwa na jina la kifaa, na ndani yake namba ya mchakato. Inayokuja nyuma ikikikuta, inangoja. Utaratibu mzuri, mradi wote watazame saraka moja. Zetu hazikutazama pamoja: moja iliweka kufuli chini ya /usr/spool/uucp, nyingine ikachungulia /var/lock, isione kitu, ikadhani njia nyeupe. Basi modemu ikijibu CONNECT, mgetty inalimeza neno hilo kabla UUCP haijalisoma, na barua za maprofesa zinalala tena.

Chimbuko lilikuwa kwenye faili la msimbo liitwalo policy.h. Ajabu ni kwamba waandishi wote wawili walilipa jina hilohilo. Humo aliyekompaili alichagua saraka ya kufuli na hata mwandiko wake, kama namba iandikwe kwa tarakimu za kusomeka au kwa baiti ghafi. Akishakompaili, uamuzi wake umeingia ndani ya programu na huna pa kuupatia. Taylor alikuwa mwungwana zaidi: mstari mmoja wa lockdir kwenye faili la mipangilio ulitosha kuhamisha saraka, ingawa mwandiko ulibaki kama ulivyokompailiwa. Mgetty tuliyokuwa nayo ilitaka kukompailiwa upya hata kwa saraka.

Mkuu wa chumba cha mashine, ambaye sote tulimwita Mzee, aliona hivyo ndivyo inavyotakiwa. "Kijana, jambo likishakaa kwenye faili, kila mwenye nywila atajifanya fundi."

"Lakini Mzee, huyo aliyekompaili hajawahi kuiona simu yetu."

Nikamtajia habari za Chuo Kikuu cha Berkeley. Huko Eric Allman alianza na delivermail, programu ya kupeleka barua pepe, ambayo mipangilio yake ilikompailiwa humohumo. Mitandao ilipozidi na kila kituo kikawa na hali yake, haikufaa tena; akaandika sendmail, inayosoma faili la sendmail.cf inapoanza, nayo ikatoka na BSD 4.1c mwaka 1983. Mzee akacheka. Alishalifungua hilo sendmail.cf, alama za dola zimebanana humo mpaka hujui sentensi inaanzia wapi. Hapo nilinyamaza, maana alisema kweli.

Hata sasa nashikilia kwamba namba ya simu, saa ya kupiga na jina la mashine ni vya kuwekwa kwenye faili, kwa sababu hubadilika toka mahali hadi mahali. Kufuli ni habari nyingine. Tungepewa faili kwa kila programu, huenda tungeandika saraka mbili tofauti kwa mikono yetu wenyewe. Kilichotakiwa ni makubaliano kati ya waandishi, na yalikuja kupitia FSSTND, waraka wa mpangilio wa saraka za Linux uliotoka mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1994: kufuli zikae /var/lock.

Tukafuata hilo. UUCP ikapata mstari wake wa lockdir, mgetty ikakompailiwa upya. Mzee alikubali faili la mipangilio kwa sharti moja, kwamba kila atakayegusa mstari aandike pembeni jina lake, tarehe na sababu. Baada ya miaka michache maelezo yalizidi mipangilio yenyewe kwa urefu, na baadhi yalikuwa ni Mzee akibishana na watu waliokwisha kuhama.