Moto wa Pili

Kijana anayetamani kufua visu huuliza kwanza juu ya nyundo na kivukuto. Mimi humrudisha nyuma hatua moja: utafua chuma gani? Kwa maana chuma kisichofaa hakigeuzwi na moto wowote.

Nondo za ujenzi hupatikana kwa urahisi, lakini nyingi zina kaboni kidogo mno, wala hazishiki makali. Chuma cha pua kinameta na hakipati kutu upesi, ila chadai moto unaokaribia au kupita nyuzi 1000, uliopimwa na kudumishwa sawasawa. Jambo hilo ni gumu kwenye jiko la makaa. Kwa anayeanza, nasifu bapa la springi ya lori. Kwa kawaida lina kaboni ya asilimia 0,6 hivi, na hapa kwetu Lubumbashi halikosekani katika magaraji. Lakini chuma kuukuu hakina cheti, na springi iliyobeba mizigo miaka mingi yaweza kuficha nyufa. Basi mwanafunzi akate kwanza kipande kidogo, akipashe moto, akizamishe katika mafuta, kisha akibane na kukipiga nyundo, macho yakiwa na miwani ya kinga. Kikivunjika kama kigae, chuma hicho kinakubali kukomazwa. Kikipinda tu, atafute kingine.

Kisu kikishapata umbo, ukingo wake ubaki na unene wa milimita moja hivi. Ukiwa mwembamba zaidi, utajikunja au kupasuka. Ndipo huja moto wa kwanza. Mzee aliyenifundisha alikuwa na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 huacha kuvutwa na sumaku. Hapo alingoja kiwe chekundu kidogo zaidi, kisha akakizamisha katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa kiasi. Maji hakuyataka, kwa kuwa hupoza kwa ghafula na kupasua chuma cha namna hiyo. Baada ya hapo alipitisha tupa juu ya makali. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekomaa.

Hapo ndipo penye jaribu. Kisu hicho ni kigumu kuliko kitakavyokuwa tena, lakini ugumu wake ni wa kioo. Kikianguka sakafuni chaweza kukatika vipande viwili. Kinahitaji moto wa pili, ulio mpole: nyuzi 200 hivi kwa saa mbili, kipoe, kisha saa mbili nyingine, hadi chuma kilichosuguliwa kipate rangi ya majani makavu. Ugumu hupungua kidogo, na ustahimilivu huingia.

Mwaka huu mpwa wangu alipewa kazi na mama mmoja anayekata mboga za kuuza sokoni. Kisu kilikuwa kimetoka katika mafuta mchana, na mama alitarajiwa saa kumi.

«Mjomba,» akaniambia, «tukinoe tu. Kwa macho ataonaje tofauti?»

«Leo hataiona,» nikamjibu. «Ataiona siku kipande cha makali kitakapobaki ndani ya mboga za mteja wake.»

Mama alipofika, kijana akamwomba radhi, akamwambia arudi kesho, akamrudishia nauli aliyotumia. Fedha hiyo ilikuwa sehemu nzuri ya faida yake, wala mama hakuondoka na uso wa furaha. Usiku ule kijana alikaa kando ya oveni akitazama kipimajoto.

Katika ufundi wetu, kazi nyingi huonekana: umbo, mng'aro, mpini. Moto wa pili hauonekani. Anayenunua hana njia ya kuukagua sokoni. Anaununua kwa kumwamini fundi. Kwa hiyo, kijana anapoleta kisu chake cha kwanza nikitazame, siulizi kwanza kama kinakata. Namwuliza kilikaa saa ngapi katika moto mpole.