Samaki Watano na Kodi ya Ndoano

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta hapa nikijadili bajeti, katiba na mienendo ya vyama vyetu. Leo naomba wanivumilie niandike juu ya uvuvi wa ndoano. Naahidi kwamba tutafika kwenye siasa, na wala hatutachelewa.

Katika mwaka wangu wa likizo ya kitaaluma nilikuwa mhadhiri mgeni katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, na huko nikajiunga na klabu ya wavuvi wa besi. Besi ni samaki wa maji baridi, wa kijani kibichi, mwenye kinywa kipana kinachopita usawa wa jicho lake. Majira ya kuchipua dume huchimba kiota na kuyalinda mayai kwa ukali. Samaki huyu ana heshima kubwa katika jimbo lile. Ni wakala wa bima wa Montgomery, Ray Scott, aliyeandaa shindano lake la kwanza la besi huko Arkansas mwaka 1967, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi hao ambacho kilikuja kuwa na matawi nchi nzima. Mwaka 1972 akaanza kuwahimiza washindani wamrudishe samaki majini akiwa hai baada ya kupimwa. Mpaka leo klabu ndogo za vijijini hufuata utaratibu huo.

Klabu yangu ilivua zaidi katika Ziwa Guntersville, ambalo kwa hakika ni bwawa lililojengwa na serikali katika Mto Tennessee na kukamilika mwaka 1939. Familia nyingi zilihamishwa ili maji yapate nafasi. Nayataja haya mapema kwa sababu nilivua pamoja na watu wasioipenda serikali hata kidogo, juu ya ziwa lililotengenezwa na serikali hiyohiyo.

Mgeni asiye na boti huketi kiti cha nyuma. Usiku wa kuamkia shindano wanachama hukutana na majina huchanganywa ndani ya kofia. Mwenye boti hachagui wa kumpakia. Humpakia yule aliyemwangukia, na asubuhi wawili hao huchangia mafuta. Shindano langu la kwanza liliniangukia kwa fundi wa viyoyozi aliyepita miaka sitini, ambaye gari lake lilibandikwa maneno ya kuilaani serikali kuu ya Washington. Alinitazama, akanitazama tena, kisha akanipa jaketi okozi na kuniagiza nilifunge vizuri kabla hajawasha injini. Tulikuwa majini kabla ya jua kuchomoza.

Mzee yule alinifundisha kwa maneno machache. Alinionyesha jinsi ya kufunga fundo la ndoano kwa kulilowesha mate kwanza, ili mshipi usikatike linapokazwa. Alinionyesha jinsi ya kumwacha mnyoo wa plastiki azame taratibu pembezoni mwa magugu, na kuutazama mshipi badala ya kusubiri mkono ushtuke, maana besi humeza na kutema kabla mvuvi mgeni hajang'amua. Kwa saa nne sikupata kitu. Saa ya tano mshipi ulisogea pembeni kama unaovutwa na mtoto, nikavuta, na samaki akaruka juu ya maji akitikisa kichwa.

Kabla ya kunipongeza, mzee alitoa ubao wa kupimia. Sheria ya ziwa lile inataka besi awe na inchi 15, yaani takriban sentimita 38. Wangu alipungua kidogo sana, kiasi ambacho jicho lisingekiona bila ubao. Mzee akamtumbukiza majini bila kusema neno. Hapakuwa na askari wala mtu mwingine karibu, na ukungu ulikuwa haujaondoka.

Mchana nilimuuliza, kwa uangalifu, inakuwaje mtu anayeichukia kodi kama yeye anabeba leseni ya uvuvi mfukoni kama kitambulisho cha heshima. Alijibu kwamba fedha ile anaiona. Aliniorodheshea kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, gati tulilotumia kuishushia boti, na mtaalamu wa jimbo anayekuja kuhesabu samaki.

Nilifuatilia maneno yake maktabani, na hayakuwa porojo. Kwa sheria ya mwaka 1950, watengenezaji wa zana za uvuvi wa burudani nchini Marekani hutozwa kodi ya asilimia 10, na fedha hizo hugawiwa majimbo kwa ajili ya samaki na mazingira yao. Mwaka 1984 sheria ilipanuliwa ikaingiza pia sehemu ya kodi ya mafuta ya boti. Kisha kuna sharti ninalotamani kila mtumishi wa hazina alikariri: jimbo likichepusha fedha za leseni za uvuvi kwenda kwenye shughuli nyingine, linaweza kunyimwa mgawo wake. Mzee wangu hakuwa ameisoma sheria hiyo, lakini aliyaona matunda yake kila alipoishusha boti.

Nisiwapambe watu wale kupita kiasi. Wavuvi nao hudanganya. Mwezi Septemba 2022, katika Ziwa Erie, washindani wawili wa uvuvi wa samaki wa aina nyingine walikutwa wamejaza vipande vya risasi matumboni mwa samaki wao ili wazidi uzito. Mwendesha shindano aliwapasua samaki hao mbele ya umati, na mwaka 2023 wahusika walikiri makosa mahakamani. Kilichowaumbua ni mizani iliyowekwa hadharani, mahali ambapo kila aliyeshindwa angeweza kusogea na kutazama. Katika klabu yetu pia kila mmoja alileta samaki wasiozidi watano, wakiwa hai ndani ya tangi la boti, na uzito ulisomwa kwa sauti. Aliyeleta samaki mfu alikatwa sehemu ya uzito wake. Fedha za viingilio zilisomwa vilevile, mpaka dola ya mwisho.

Jioni moja nilimpigia simu baba yangu mdogo, mvuvi wa Ukerewe tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsimulia yote haya. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na mkishampima?"

"Tunamrudisha, baba."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi mwanangu, hao hawavui. Wanamsumbua tu kiumbe wa Mungu. Sisi tukimtoa majini, kuna mtoto anamsubiri."

Sikuwa na jibu lenye uzito kuliko maneno yake, na bado sina. Fundi wa viyoyozi angeweza kumrudisha samaki wake kwa sababu chakula cha jioni kilikuwa kwenye jokofu. Kwa hiyo asije mtu akayasoma haya na kuhitimisha kwamba Mmarekani ana maadili na mvuvi wa Kanda ya Ziwa hana. Baba mdogo naye ana kipimo chake cha kisheria: sangara asipungue sentimita 50. Anaijua sheria hiyo, na anajua kwa nini ipo, pengine kuliko sisi wenye shahada.

Tofauti ninayoiona ni ya uhusiano kati ya mvuvi na dola. Mzee wa Alabama hukutana na serikali kwenye gati na kwenye kituo cha vifaranga, na hukutana na askari wa wanyamapori mara mojamoja. Mvuvi wetu kwa miaka mingi amekutana nayo kwenye ushuru na kwenye doria. Mwaka 2018 tulishuhudia nyavu zikichomwa moto kwa mafungu katika operesheni dhidi ya uvuvi haramu Ziwa Victoria. Kokoro na nyavu zenye matundu madogo huua kizazi cha samaki, na hilo halina ubishi. Lakini moto unamfundisha mvuvi kujificha. Haumfundishi kupima samaki kwenye ukungu, pasipo mtu wa kumwona.

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi tunavyo mialoni kwa miaka mingi sasa. Napendekeza tuanzie hapo. Kila mwalo uwe na ubao unaoonyesha leseni na ushuru uliokusanywa mwezi uliopita, kiasi kilichorudi ziwani, na kilifanya nini. Usomwe kwa sauti mkutanoni, kama uzito wa samaki kwenye mizani, na mvuvi yeyote awe na haki ya kusogea na kutazama. Wanafunzi wangu mnaotafuta mada za tasnifu, nendeni mialoni mkaulize kama ubao huo upo. Nanyi watumishi wa umma mnaonisoma, mkiulizwa, tafadhali mjibu kwa tarakimu.