Joto la Bonde Linaficha Ugonjwa wa Motokari

Mimi ni mchungaji, si fundi. Lakini kazi yangu ni ya kutembea, na miaka mingi nimeketi kando ya mashoferi asubuhi mapema, demareri inazunguka, inazunguka, na moteri haitaki kuwaka. Mwezi huu tuongee juu ya ugonjwa huo, sababu unakula feza ya jamaa nyingi, na mara nyingine unatia maisha ya mtu katika hatari.

Sisi tunakaa katika bonde la Ruzizi. Ziwa Tanganyika liko karibu meta 770 juu ya bahari, na kwetu huku hakuna baridi ya kusema. Lakini ukitoka Kamanyola, ukapanda Ngomo mpaka Bukavu, umefika karibu meta 1.500. Ninyi wa Twangiza mko juu zaidi, kupita meta 2.000. Huko asubuhi chuma kinalala baridi na hewa ni nyepesi. Ndiyo maana motokari inayowaka bila neno huku chini inakataa kule juu. Mwenyewe analalamika: “Lakini jana ilikuwa nzima!” Hapana, ndugu. Joto la bonde lilikuwa linaificha tu.

Nimeona matunda ya jambo hilo. Land Cruiser moja ililala katika kijiji cha milimani. Alfajiri mama mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto amekaa vibaya. Shoferi akapiga demareri mpaka batri ikaisha. Vijana wakamuweka mama katika kipoyi, wakashuka naye kwa miguu. Mama na mtoto walipona, Mungu asifiwe. Lakini motokari ile garaji moja ya mjini ilikuwa imekwisha kuibadilisha batri, kisha demareri, bila kupima kitu. Mzee mmoja fundi ndiye aliipima kwa taa ndogo na waya mbili: kati ya buji sita, tatu zilikuwa zimekufa. Akaniambia: “Pasta, mbele ya kununua, uliza. Motokari inajibu.”

Sasa tuiulize pamoja.

Kwanza, ujue namna mazutu inawaka. Moteri ya mazutu haina buji ya kutoa cheche. Pistoni inabana hewa kwa nguvu mpaka inapata moto wa nyuzi kupita 500, kisha mazutu inarushwa ndani na kuwaka yenyewe. Rudolf Diesel alionyesha moteri ya namna hiyo Ujerumani katika mwaka wa 1897. Chuma kikiwa baridi, kinakunywa ule moto. Kwa hiyo wakaweka buji za kupasha moto, moja kwa kila silinda: nne katika Hilux za zamani, sita katika Land Cruiser ya moteri 1HZ.

Swali la 1: Inazunguka upesi ao polepole? Kama ni polepole, angalia batri, vichwa vya batri vyenye kutu, na waya wa masi. Moteri isiyozunguka upesi haiwezi kupata moto wa kutosha. Kama inazunguka vizuri, acha batri, usiinunue.

Swali la 2: Moshi uko? Mtu mmoja asimame nyuma. Moshi mweupe ukitoka wakati demareri inazunguka, mazutu inafika lakini haiwaki: fikiri buji. Kama hakuna moshi hata kidogo, mazutu haifiki: fikiri filtri, hewa katika mipira, ao ile vana ya umeme inayofungua mazutu kwenye pompi.

Swali la 3: Buji ziko nzima? Ondoa kile chuma kinachoziunganisha. Funga taa ya volti za batri yako, waya moja kwenye chanya ya batri, na waya ya pili gusa kichwa cha kila buji. Taa isipowaka, buji hiyo imekufa. Zikiwa nzima zote, pima kama umeme unazifikia unapofungua kontakti. Mara nyingi ni relei ao fuzibu.

Swali la 4: Hewa inaingia usiku? Mbele ya kuwasha, piga pompi ya mkono juu ya filtri. Ikikuwa laini, ukapiga mara nyingi mpaka ikaze, kisha moteri ikawaka mara moja, basi usiku mazutu ilirudi katika tanki. Tafuta mpira uliopasuka ao kamba ya chuma iliyolegea. Na sisi tunaonunua mazutu ya bidoni kwa Kadhafi wa barabarani, tutoe maji chini ya filtri kila mara.

Kama majibu yote ni mazuri na bado inasumbua, pengine pistoni na sigmenti zimechoka, ao enjekta zinatonesha. Hapo ni kazi ya fundi mwenye vyombo.

Motokari ya esansi ni njia ingine. Ya karbirateri, angalia kifuniko cha starteri kama kinafunga wakati wa baridi. Ya enjeksioni, fungua kontakti mara mbili bila kupiga demareri. Ikiwaka vizuri kisha, presha ya esansi inapotea usiku. Na kile chombo kinachopima joto la maji kikisema uongo kwamba moteri ina moto, esansi inakuwa kidogo.

Ninawaomba, musiwashe moto wa matambara chini ya moteri. Wala musinyunyize eteri katika moteri yenye buji za kupasha moto: inaweza kulipuka na kuvunja pistoni.

Ndugu, kama motokari yako inabeba wagonjwa, taa moja na waya mbili vikae ndani yake. Pima ungali huku bondeni, mbele ya kupanda. Huko juu, alfajiri, garaji haipo.