Roboti Yetu Ilipinda Kushoto



Nikisema kwetu ni Masaki, watu huniangalia viatu kwanza. Wanafikiri ni Masaki ya Dar es Salaam, ya mabalozi na hoteli za ufukweni. Kwetu ni Masaki ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, ya mihogo, mikorosho na mkaa. Huko ndiko mimi na mwenzangu wa kigango kimoja tulikounda roboti yetu ya kwanza, katika likizo ya kidato cha tano.

Wadogo zetu wa klabu ya sayansi wameniomba niwaandikie tulivyofanya. Nitaandika, pamoja na sehemu ambayo singependa kuiandika.

Wazo lilianzia kwenye chumba cha wagonjwa. Mseminari mmoja aliugua tetekuwanga, akatengwa, na kila aliyempelekea uji alisimama mlangoni akisitasita. Mwenzangu akakumbuka habari za Rwanda: Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, serikali ilipokea roboti tano, na baadhi zikatumika katika kituo cha Kanyinya jijini Kigali kupima joto la wagonjwa ili wauguzi wasiwakaribie mno. Akasema, “Sisi tuanze na ya kubeba kikombe.”

Roboti za magurudumu si jambo jipya. Mwaka 1948 na 1949, huko Bristol, Uingereza, mtafiti William Grey Walter aliunda mbili zilizotambaa kama kobe, kila moja ikiwa na magurudumu matatu. Yetu nayo ilikuwa na matatu: mawili ya nyuma yenye mota, na mbele tuliweka kitufe cha mviringo tulichokitoa kwenye chupa ya manukato ya kwapani. Kinabingirika pande zote, na hakiuzwi ghali.

Ubongo wake ni bodi ya Arduino Uno. Bodi hiyo hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, lakini haina nguvu ya kuzungusha mota. Kwa hiyo katikati huwekwa bodi nyingine, iitwayo L298N, inayopokea amri ndogo na kuruhusu umeme mkubwa wa betri upite. Vyote tulivinunua Kariakoo kwa fedha tulizochanga. Betri tulizitoa kwenye kompyuta mpakato iliyokufa, na waya kwenye redio ya zamani. Kiunzi cha plaiwudi alitukatia baba yangu mdogo, ambaye ni fundi seremala.

Sasa nafika kwenye sehemu yenyewe.

Waya za ile redio zote zilikuwa nyeusi. Jioni moja mwenzangu alichomelea waya za betri, akaniambia, “Tusubiri kesho, tuzikague mchana.” Alipoondoka, nilishindwa kusubiri. Nilitaka niwe wa kwanza kuona magurudumu yakizunguka. Nikaunganisha betri, chanya mahali pa hasi. Yalitokea mambo mawili tu: moshi mwembamba, na harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Bahati nzuri Arduino sikuwa nimeiunganisha. Lakini L298N ilikuwa imeungua.

Nikaipangusa, nikairudisha kwenye boksi, nikaenda kulala.

Asubuhi mwenzangu aliunganisha kila kitu kwa usahihi. Kimya. Akajaribu tena. Kimya. Baba mdogo akauliza, “Nani aliishika mwisho?”

“Mimi,” mwenzangu akajibu. “Jana nilikuwa nachomelea. Labda niliipa moto mwingi.”

Nikainama kama mtu anayetafuta skrubu sakafuni.

Mama yake huuza mihogo. Hakuwa na fedha ya bodi nyingine wala nauli ya kwenda Kariakoo, hivyo akauza jogoo. Mwenzangu aliondoka alfajiri, akarudi jioni na bodi mpya kwenye mfuko wa shati, akaniomba msamaha kwa kutuchelewesha. Aliniomba msamaha mimi! Nikamwambia, “Usijali, ndugu yangu, ni mambo ya kawaida.” Mpaka leo sentensi hiyo huniumiza kuliko ule moshi.

Siku tatu nilikaa nayo. Jumamosi padre alikuja kigangoni, nikaenda kuungama. Nililitaja haraka haraka, katikati ya mengine. Akaniuliza swali moja tu: “Na jogoo atamlipa nani?”

Nilimweleza mwenzangu siku hiyohiyo, nyuma ya karakana. Sikukumbatiwa. Alinyamaza, kisha akasema, “Ungesema siku ile ile, mama asingeuza kitu. Tungesubiri tu.” Akaenda zake. Jumapili nzima hakuongea nami. Jumatatu alikuja na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha ya dada yake, akapaka ncha za waya zote za chanya, moja baada ya nyingine, huku akinitazama.

Tukaendelea na kazi.

Roboti ilipowaka, ilikwenda, lakini ilipinda kushoto. Katika mita mbili iliacha mstari kwa karibu nusu mita. Programu ilikuwa ikizipa mota zote mbili amri ileile, lakini mota mbili za bei rahisi hazilingani kamwe: moja ina msuguano zaidi, nyingine ina kasi zaidi. Tulifunga kwenye kila gurudumu kisahani chenye matundu 20, na sensa ya mwanga inayohesabu matundu yakipita. Gurudumu letu lina kipenyo cha milimita 65, kwa hiyo kila tundu ni takriban sentimita moja ya safari. Programu hulinganisha hesabu za pande mbili mara nyingi kwa sekunde. Upande uliotangulia hupunguziwa kasi kidogo. Mbele tuliweka sensa ya sauti: hutoa mlio tusioweza kuusikia, husubiri mwangwi kama afanyavyo popo, na kwa muda wa kusubiri hukadiria umbali. Kitu kikiwa chini ya sentimita 20, roboti husimama.

Baada ya ibada ya Jumapili iliyofuata tuliionyesha nje ya kigango. Watoto walipiga kelele. Katekista wetu, mzee wa miaka mingi, alichuchumaa kwa shida akaitazama.

“Inajuaje kwamba imekosea?” akauliza.

“Shikamoo, Mzee. Inahesabu matundu.”

“Marahaba. Na ikigundua imekosea, inasubiri nini?”

“Haisubiri, Mzee. Inajirekebisha hapohapo.”

“Haioni aibu?”

Watu wakacheka. Mimi na mwenzangu hatukucheka. Nilijibu kwamba haina aibu, ni chombo tu, haijui hata kwamba inakwenda. Mzee akainuka, akasema, “Basi imepata nafuu,” akaenda kufunga kanisa.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi wakati wa kuchunguza dhamiri usiku. Roboti haina sifa kwa kujirekebisha, kwa sababu haipotezi chochote. Mimi nilikuwa na jina la kupoteza, na rafiki. Ndiyo maana ilinichukua siku tatu kufanya kile ambacho ile mashine huifanya kabla hujapepesa jicho. Sisemi hivi kujitetea. Nasema kwamba ugumu ule ulikuwa wangu, na hakuna programu ambayo ingenibebea.

Jogoo nililipa. Nilipiga msasa mbao za baba mdogo kwa wiki mbili, nikampelekea mama fedha mkononi. Alizihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la khanga, ndipo akanikaribisha mihogo.

Na ule uji? Tuliporudi seminarini tulijaribu. Roboti ilinyooka vizuri ukumbini, ikafika mlango wa chumba cha wagonjwa, ikagonga kizingiti na kumwaga kikombe chote. Hatukuwa tumepima kizingiti. Tulisema wote wawili, papo hapo, kwamba ni kosa letu, tukachukua tambara.

Kwa hiyo, wadogo zangu: pakeni rangi waya za chanya, pimeni vizingiti, msiunganishe betri usiku mkiwa peke yenu. Na mkiunguza kitu, semeni kabla jogoo hajafika sokoni.