Motere ya Baba Haikusema Uongo



Wengi wenu mliuliza kwa nini kapita wa wanafunzi alichelewa majuma mawili mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, yeye ambaye kila asubuhi anasimama mlangoni na daftari yake kuandika majina ya wanaochelewa. Tuliwajibu kwamba tulikuwa na malaria. Haikuwa malaria. Tunaomba nafasi katika gazeti letu tueleze mambo vile yalivyokuwa, na pia tuwape maarifa kidogo juu ya ugonjwa wa motere, maana wengi kati yetu wako na gari nyumbani, ama jirani iko nayo.

Baba yetu ni mwalimu wa shule ya msingi Bukavu. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kwa hiyo alinunua Toyota moja ya zamani ya kubeba watu na mizigo, yenye motere ya esanse na silinda 4. Ile gari ndiyo inayolipa minervali yetu na ya wadogo zetu. Dereva wake ni mtu mzima, ana mke na watoto watano, nasi tunamwita Yaya.

Wakati wa vakansi kubwa Yaya alikamatwa na homa siku mbili. Baba akatupa ufunguo, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kupata ruhusa ya kuendesha, akatutuma Kamanyola kuleta mifuko ya mchele. Mdogo wetu akakaa pembeni yetu. Kushuka hakukuwa na shida. Lakini wakati wa kurudi, tukipanda mlima wa Ngomo na mzigo mzito, mshale wa joto ulianza kupanda nao. Ukapita katikati. Ukafika kwenye rangi nyekundu. Mdogo wetu akasema: "Tusimame, iko inachemka." Tukamjibu: "Nyamaza, tunakaribia." Usiku ulikuwa unaingia, na nyuma yetu kulikuwa kamiyo ambazo hatukutaka zitupite. Kiburi tu.

Tulifika nyumbani na mvuke unatoka mbele kama sufuria ya ugali. Tukangoja ipoe, tukaongeza maji, tukafunga, tukalala. Baba alipouliza safari ilikuwa namna gani, tulisema: "Vizuri, Baba."

Kesho yake Yaya akapona, akaja kuwasha gari. Motere ikatetemeka yote, ikakosa nguvu, moshi mweupe ukajaa kiwanja. Baba akamwangalia Yaya kwa muda mrefu, kisha akamwambia arudi kwake mpaka atakapoitwa. Sisi tulikuwa tumesimama pale pale mlangoni. Hatukusema neno. Siku zikapita, zikafika majuma matatu, na Yaya hakulipwa hata siku moja.

Garaji kubwa za mjini ziliomba pesa ambazo hatukuwa nazo. Baba akamwita fundi mzee wa mtaa aje kutengeneza kiwanjani kwetu, nasi tukawekwa kuwa wasaidizi wake. Yule mzee hakushika ufunguo hata mmoja mbele ya kuuliza motere maswali. Alituambia: "Mutu anaweza kukudanganya, lakini motere haiwezi. Uliza pole pole, itakujibu."

Swali la kwanza lilikuwa juu ya mafuta. Alivuta ule mti wa kupimia, akaupangusa kwenye vidole. Kama maji yangekuwa yameingia ndani, mafuta yangegeuka rangi kama kahawa ya maziwa. Yalikuwa meusi tu. Akasema: "Asante Mungu, huku chini hakujaharibika."

Swali la pili, maji. Motere ikiwa baridi (usifungue kamwe kifuniko cha radiatere ikiwa moto, utaungua uso), alikifungua akatuambia tuwashe. Vipovu vikaanza kupanda bila kukoma. Maana yake moshi wa silinda ulikuwa umepata njia ya kuingia katika maji.

Swali la tatu, buji. Tulizitoa zote 4, tukazipanga kwenye gazeti. Tatu zilikuwa na masizi. Ile ya silinda ya 3 ilikuwa safi kama imeoshwa, na kweli ilikuwa imeoshwa, kwa mvuke.

Swali la nne, nguvu ya kukandamiza hewa. Aliazima saa ya kipimo, akaifunga mahali pa buji, sisi tukakanyaga esanse mpaka chini huku mdogo wetu akizungusha motere kwa ufunguo. Silinda ya 1 ilitoa bar 10, ya 4 vilevile 10. Ya 2 na ya 3 zilitoa 4 kila moja. Akatia kijiko cha mafuta ya motere ndani yake, akapima tena. Kama kipimo kingepanda, ugonjwa ungekuwa kwenye segma, zile pete za pistoni. Hakikupanda. Basi silinda mbili jirani zimeanguka pamoja, na maji yanapita: njo juenti ya kulasi imeungua, lile bati jembamba linalokaa kati ya kichwa cha motere na mwili wake.

Tulifungua kichwa, misumari ya pembeni kwanza kuelekea katikati. Juenti ilikuwa nyeusi, imekatika kati ya 2 na 3. Mzee akaweka rula ya chuma juu ya kichwa, akapitisha chini yake visu vyembamba vya kupimia. Kitabu cha gari kiliruhusu mwanya wa 0.05 mm. Kile cha 0.15 kikapita bila kushikwa. Karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu 0.1 mm. Kwa hiyo karatasi moja na nusu ilikuwa imesimamisha gari zima.

Mzee akamwambia Baba: "Hii kichwa imepinda. Haipinde kwa kazi ya kila siku. Kuko mutu alipanda mulima nayo ikichemka, na hakusimama."

Wale wa mwaka wa tano watakumbuka fizika. Kichwa ni cha aluminiumu, mwili ni wa chuma, na aluminiumu ikipata moto inapanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Isitoshe, Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na maji yasiyofungwa vizuri huko yanachemka karibu digrii 95, si 100. Kifuniko cha radiatere ndicho kinachoyabana yasichemke mapema. Chetu mpira wake ulikuwa umekwisha, nasi tulikuwa tumeufunga na kipande cha plastiki. Hata lile tulilijua.

Baba akasema: "Basi ni Yaya." Mzee hakujibu, alikuwa anapangusa mikono.

Hapo tuliona kwamba tukinyamaza tena, tutanyamaza maisha yote. Tunaandika "sisi" kwa sababu ni desturi ya gazeti hili. Lakini mikono iliyoshika usukani kule Ngomo ilikuwa miwili tu, na mmoja wao ndio unaoandika haya. Tukasema: "Baba, si Yaya. Ni sisi."

Baba hakutupiga. Alivaa koti, akatwambia tutangulie. Tulifika kwa Yaya saa moja ya usiku, tukasema yote mbele ya mke wake na watoto. Yaya alikaa kimya, kisha akasema: "Watoto wangu wamekula mara moja kwa siku, mdogo wangu. Nilikuwa najiuliza nimekosa nini." Mke wake alituletea kiti. Hatukuweza kukaa.

Kazi ilimalizika hivi. Kichwa kilipelekwa kwa wasaga vyuma, kikanyooshwa. Tulisafisha mahali pote bila kukwaruza, tukakausha matundu ya misumari, kwa maana maji yakibaki ndani, msumari unayabana na yanaweza kupasua chuma. Tukaweka juenti mpya, tukafunga kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua tatu, kwa ufunguo wenye kipimo. Tukarekebisha supapu, tukanunua kifuniko kipya. Yaya ndiye aliyewasha. Motere ikashika mara ya kwanza, ikalia sawa. Hakutwambia neno, lakini alitupa kitambaa tupanguse mikono.

Baba alimlipa Yaya zile siku zote. Kusaga, juenti na deni la Yaya vilikula minervali yetu ya mwanzo wa mwaka, na tukangoja majuma mawili gari itafute nyingine. Ndiyo malaria yenyewe.

Jina letu tumeliandika sisi wenyewe katika daftari ya wanaochelewa, siku kumi na mbili za masomo, na Bwana Prefe ameiona. Wandugu, mshale ukifika kwenye rangi nyekundu, simameni, hata kama kamiyo zitawapita. Na wewe mdogo uliyeandikwa wiki iliyopita ukasema ulichelewa kwa sababu ya mvua, na mvua haikunyesha: njoo tuongee. Hatutakucheka.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita