Upepo Hauna Diwani

Ndugu msomaji, mji wa Cape Town ni mpole kwa mwendesha baiskeli. Mvua yake haina gharika za kila siku, na baridi yake haigandishi barabara. Hata hivyo, upole wa majira si upole wa barabara, na tofauti hiyo ndiyo ninayokuomba uitafakari.

Sisi tuliolelewa pwani ya Waswahili tumezoea kusi kuvuma wakati wa kipupwe na kuyasukuma majahazi kuelekea kaskazini. Huku, mambo yamegeuka: upepo wa kusini-mashariki hutawala kiangazi. Wenyeji huuita daktari, kwa kuwa huisafisha hewa ya mji. Nikikabiliana nao, hata gia nyepesi kabisa huwa nzito. Nikiupa mgongo, hunibeba kama mzazi amfunzaye mwanawe kuendesha. Machi 2017, mashindano makubwa ya baiskeli ya mji huu, ya takriban kilomita 109 kuizunguka rasi, yalisitishwa kwa sababu ya nguvu zake.

Aprili na Mei upepo hutulia. Kuanzia Juni hadi Agosti huja mvua. Mchana hufupika, breki hushika kwa kuchelewa, nami hurejea nyumbani taa ya nyuma ikimeta gizani. Septemba maua huchanua kando ya njia, na mzunguko huanza upya.

Hayo yote nayavumilia bila kinyongo, kwani hakuna wa kumlalamikia. Lakini gari linaponipita kwa upana wa kiganja, hiyo si hali ya hewa. Kanuni za jimbo la Western Cape zinamtaka dereva aache nafasi isiyopungua mita 1. Na njia ya baiskeli inapokatika ghafla kwenye makutano, haikukatwa na mawingu. Ilikatwa na uamuzi wa watu.

Je, wajua kwamba mashindano niliyoyataja yalizaliwa na dai la kiraia? Mwaka 1977, Bill Mylrea na John Stegmann waliandaa msafara wa mamia ya waendesha baiskeli kudai njia zao. Mashindano ya kwanza yakafuata mwaka 1978. Leo maelfu hufungiwa barabara kwa siku moja, washindane kwa raha. Kesho yake mlinzi na mtunza bustani huzipita barabara zizo hizo wakienda kazini, wakibanwa ukingoni na malori. Sherehe imekua kuliko dai lililoizaa.

Kila Juni mke wangu huniuliza iwapo sasa nitapanda basi. Mwaka huu nilimjibu kwa barua, si yake bali ya diwani wa kata yetu, nikiyataja makutano matatu kwa majina.

Nawe ulipo, msomaji wangu, tenga kinachovumiliwa na kinachodaiwa. Upepo hauna diwani. Barabara inaye. Je, jina lake unalijua?