Mtoto Ajulikane na Mtaa

Goma, Keshero

Mwanangu mpenzi, binti wa kaka yangu,

Ijapokuwa nyumba zetu haziko mbali, nimeona heri niandike kuliko kuja kusema, kwani nasaha ikitamkwa mbele ya watu hugeuka lawama, nami sikukusudia kukulaumu.

Jumapili nilipokuja nilimkuta kitinda mimba wako ameketi mkekani karibu na jiko la makala, akichambua maharage: akiokota kijiwe kimoja, akikitazama, akikiweka juu ya kifuniko cha sufuria, kisha akicheka peke yake kwa furaha ya kazi iliyotimia. Mara wageni wa mumeo wakabisha hodi. Nawe ukamwondolea ungo mapajani, ukampeleka chumba cha nyuma, ukafunga mlango. Najua hukufanya hivyo kwa kumchukia, maana kabla ya kufunga ulimpangusa mdomo na kumbusu. Ulimhurumia, hukutaka macho ya watu yamguse. Lakini, mwanangu, mlango uliofungwa kwa huruma na uliofungwa kwa aibu, aliye ndani hawezi kuutofautisha.

Kwanza iondoe fadhaa moyoni mwako. Tangu mwaka 1959, Jérôme Lejeune na wenziwe huko Ufaransa walipotangaza ugunduzi wao, imejulikana kwamba mtoto kama wako, mwenye trisomia 21, ambayo wengine huiita sindromu ya Down, aghalabu huwa na kromosomu 47 katika chembe za mwili wake badala ya 46, tangu tumboni, bila ya kosa la mama, wala laana ya ukoo, wala hila ya jirani. Basi anayekuuliza ulimkosea nani, mjibu kwa upole mara moja, kisha uendelee na shughuli zako. Linalokupasa kuuliza wewe ni habari za moyo wake, kwa kuwa takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Kadhalika macho na masikio yapimwe, kwani mtoto asiyesikia vizuri watu humdhania mzito wa akili kuliko alivyo.

Sasa nikueleze kwa nini mlango ule umeninyima usingizi. Mji wetu ni mji wa watu waliozoea kukimbia. Mwaka 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulipita katikati ya mji hata ukafika ziwani. Mwaka 2021, usiku wa tarehe 22 Mei, mlima ukalipuka tena, na siku tano baadaye, tulipoamriwa kuhama, barabara ya Sake ilifurika watu, magodoro na chukudu. Katika msongamano ule mvulana wa jirani zangu, mwenye hali kama ya mwanao, aliponyoka mkono wa mama yake, naye hakuweza kulitamka sawasawa jina lake wala la baba yake. Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza ndizi wa mtaani kwetu, ambaye mtoto yule alizoea kumwamkia kila asubuhi kwa kumshika kidole: alimtambua kwa mbali, akamfunga mgongoni kwa kikwembe, akatembea naye hata magharibi, alipowakuta wazazi wake. Lau angalikuwa mtoto wa chumba cha nyuma, nani angalimjua?

Kwa hiyo mpeleke sokoni, mtume kwa jirani kuomba chumvi pamoja na kaka yake, mzoeze kutaja jina lake na la mtaa wake. Kila jambo mfundishe kipande kimoja kimoja, na ukirudie kwa stahamala hata mikono yake ikizoee. Akikosa, mkanye kama wenziwe, maana mtoto asiyekanywa hujifunza kwamba hatarajiwi kitu. Wala dada yake mkubwa usimfanye yaya; mwache acheze, ampende mdogo wake kwa hiari yake mwenyewe. Na wakati wa shule ukifika, usikubali kuambiwa kwamba si mahali pake: nchi yetu inayo sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, naye ni mmojawapo.

Jumapili ijayo, inshallah, nitakuja na wageni wangu wawili. Nakuomba birika la kunawia mikono umpe yeye alishike. Maji yatamwagika sakafuni. Yaache yamwagike, sisi tutamkingia mikono.

Wako akupendaye,
Shangazi